Riwaya Iliyopelekwa Mnadani

Baba Blessing,

Makande yako jikoni. Yaongezee maji, yasiungue kama ya juzi. Blessing asitoke bila sweta.

Mimi nimeshuka Same kuwasomea walimu riwaya yangu. Boksi la vitabu nimelibeba mwenyewe, na kifua changu hikihiki, maana wewe ulikuwa na haraka ya kijiweni.

Ile simu yangu uliyoipokea asubuhi, nilikuwa nyuma ya pazia navuta dawa ya pumu. Nilikusikia: “Huyo mgonjwa tu, anaandikaandika kupoteza muda.” Hongera! Uliyekuwa unamwambia ni Mama Hedwiga, yule mgeni wa Jumapili. Siku ile ulikosa hata yai la kutoa sadaka, ukabeba kitabu changu kanisani, kikapigwa mnada baada ya mkungu wa ndizi. Ukacheka kuliko wote. Yeye akakinunua.

Basi amekisoma, na ulipotoka akapiga tena. Ana nyumba ya kupangisha Same mjini, kwenye joto, kama daktari alivyotaka. Wewe tangu masika unatafuta: hii haina maji, ile jirani ana mbwa. Mwenzio kasoma kitabu tu, nyumba ikapatikana.

Jioni ananipeleka kuiona. ~~Nitarudi usiku.~~ Nalala kwake. Kuku uwafungie.

Halafu aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anatafutatafuta nyumba, kupoteza muda.

Mama Blessing