Ukumbi wa Watu Thelathini na Mmoja

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini presha imetulia na vidonge unavimeza kila siku, si siku ukijisikia tu. Sisi huku wazima, na wifi yako anakusalimu sana. Mimi goti la kushoto linalia kama bawaba kila nikipanda gari, na kitambi kinazidi kunitangulia mlangoni, lakini hayo ni ya umri, tuyaache.

Nakuandikia kuhusu binti yako, ambaye ndiye mleta barua hii. Ukimwona mlangoni na begi, macho yamevimba, wiki tatu kabla ya uchaguzi, tafadhali usimuulize kitu kabla hujamaliza kusoma.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na miwili nazunguka mtaa kwa mtaa na gari la matangazo, kipaza sauti juu ya paa: chanjo, misiba, mbuzi waliopotea, mikutano ya wagombea. Watoto wananiita Honi, na jina hilo nililionea fahari kuliko cheti changu cha ndoa (wifi yako asisikie). Mkunga wetu alipoamua kugombea udiwani ili kiwanja cha shule kisiuzwe, mtu wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi. Kwenye kamati yake nilikaa mkono wake wa kulia.

Kisha mwanao akamaliza chuo, akaja kukaa kwetu, yeye na simu yake. Haukupita mwezi, ukurasa wa Mkunga mtandaoni ukawa na maelfu ya watu. Mkunga tunayemjua, asiyecheka hata akichekeshwa, sasa wanainamia kioo kimoja cha simu na mwanao wakicheka mpaka machozi, mimi nimesogezwa karibu na mlango, jirani na mafagio. Muuza mkaa ninayemsalimia tangu hajaota ndevu akaniuliza kama mimi ndiye mjomba wa yule dada wa kwenye simu. Dada, kidogo nimkanyage na gari. Nikarudi nyumbani, nikamkuta wifi yako anakoroga mboga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anambonyezea mwanao mioyo.

Ulikuwa wivu, sikufichi. Ila mimi niliuita wasiwasi wa mtu mzima. Nikaiambia kamati kwamba picha ya moyo haipangi foleni siku ya kura, kwamba mtu anaweza kuahidi kuja mkutanoni huku amelala chali, na kwamba nusu ya washangiliaji wale wanaishi miji mingine, hapa hawana hata kura ya kuharibu. Hayo nayaamini hadi leo. Mwanao alicheka, akasema Mjomba nawe, si tushirikiane tu, akaomba anirekodi sauti aiweke kwenye ukurasa. Nikamjibu kwamba sauti yangu si ya kubebwa kwenye mfuko wa suruali.

Mkutano mkubwa ukapangwa Jumamosi, ukumbi wa shule. Kwenye simu, watu mia saba walisema watakuja. Mimi nilipewa Ijumaa nzima nizunguke na kipaza sauti kama kawaida. Jumamosi ikafika, wakaja watu thelathini na mmoja, na mmoja wao alidhani kuna harusi. Mkunga akahutubia viti. Kabla hajamaliza, vijana wa mpinzani wake walishapiga picha ya ule utupu na kuisambaza kila mahali.

Jana kamati ilikaa. Katibu akasema simu imewadanganya, binti amewauzia upepo, wakamwondoa. Nikasimama nikasema mimi nilionya mapema. Wakanipigia makofi, nikarudi kukaa pale pangu pa zamani. Tulipotoka nje, mwanao akanishika mkono, akasema Mjomba ulikuwa sawa, nisamehe kwa kukudharau.

Dada, Ijumaa ile sikuzunguka. Nilipaki nyuma ya karakana ya wachomeleaji, nikachomoa waya wa kipaza sauti, nikala ndizi nne, nikasinzia. Jioni nikarudi kuripoti kwamba mitaa yote nimeimaliza, na nikakohoa kidogo ili nionekane sauti imenikauka. Nilitaka simu ishindwe peke yake, wote waone. Sasa Mkunga anaelekea kushindwa, na kiwanja kinaelekea kuuzwa. Tena wale thelathini na mmoja, ukimtoa yule wa harusi, waliletwa na mwanao. Mimi sikuleta hata mtu mmoja.

Keshokutwa kamati inakaa tena. Nitasimama niseme yote mbele ya Mkunga, mwanao awepo au asiwepo. Kumwambia yeye macho kwa macho nimejaribu mara mbili leo, nikaishia kumuuliza kama amekula. Kwa hiyo bahasha nampa bila kuibandika. Unamjua mwanao, ataisoma kabla basi halijatoka stendi. Natumaini atateremka, aje anitukane, kisha arudi kwenye kazi yake. Basi kama barua hii iko mikononi mwako, ujue ameisoma na bado hakuteremka. Mpokee vizuri, na usimwambie kwamba mimi ni damu yake, hivyo anisamehe. Hilo mwachie mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani.

Mdogo wako asiye na la kujitetea,
Honi