Sanduku la Maswali la Mwalimu Kwanini

Kaka yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Mguu unaendeleaje? Wifi aliniambia sasa unapanda mimbarani bila fimbo, nikashukuru kweli. Huku tu wazima, ila kikohozi changu kimegoma kuhama, kimeshakuwa mpangaji.

Nakuandikia kabla ya Ijumaa, siku ambayo wewe na bodi ya shule mtaamua kama mwalimu wa falsafa afukuzwe. Mimi ndiye niliyekuletea habari zake. Tangu siku ya kwanza sikumwamini. Mtu gani anakuja shule ya kanisa kufundisha imani na maarifa, halafu kila ukimuuliza anakujibu kwa swali? Wanafunzi wakambandika jina Mwalimu Kwanini. Kwenye sala ya asubuhi nilimchungulia, midomo haichezi. Maktabani kwangu aliazima vitabu vya wapinga Mungu na kuvisoma mpaka jalada la mwisho. Nikajisemea, hapa kuna jambo.

Kisha akaweka sanduku la maswali mlangoni mwa maktaba, pale pale machoni pangu. Mwanafunzi anaandika swali bila jina, naye analisoma darasani Jumatano. Nikawa najifanya napanga vitabu, kumbe masikio nimeyatega. Mmoja aliuliza kama ngoma za mababu zinaweza kumsifu Mungu, au Mungu anaelewa kinanda tu. Mwingine akauliza kuhusu vibarua wa shamba la mizabibu: aliyefanya saa moja kalipwa sawa na aliyeshinda juani, huo ni uchumi gani? Darasa likacheka, na yeye akacheka nao. Mimi nilinuna. Neno la Mungu linachekwa!

Ndipo kikatoka kikaratasi kilichoko mezani kwako sasa: “Tulifunga siku saba kwa ajili ya mama, na mama akafa. Mungu alikuwa anamsikiliza nani?” Nilisimama na kitabu mkononi nikingoja jibu. Akasema hajui. Akasema afadhali akae kimya na aliyeandika kuliko kumdanganya. Mwalimu mzima, hajui! Alipotoka nilikichukua kikaratasi, nikakuletea, nikakuambia maswali anayaandika mwenyewe ili kuwatia watoto sumu, kwamba mwandiko ule uliopinda ni wa mtu mzima anayejificha. Nikaongeza na kikulacho ki nguoni mwako, ukatikisa kichwa.

Siku mliyomhoji nilikuwepo, nikiandika kumbukumbu za kikao. Alikipokea kikaratasi, akakigeuza, akatazama nyuma yake, halafu akanitazama mimi. Nikajua amejua. Ulipomuuliza nani aliandika, akajibu kwamba aliwaahidi siri wote wanaoandika, na hataivunja hata ikibidi apoteze kazi. Nyinyi mkasema basi amekiri. Tangu hapo kila akipita maktabani ananiuliza kikohozi kinaendeleaje. Mwanzoni nilidhani ananitega. Hanitegi, kaka.

Mwandiko ule ni wa mtu mzima kweli. Niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa pili huu nafumba macho kwenye sala na sina la kusema. Ule mfungo uliuongoza wewe, ukatuambia mama atapona, na baada ya mazishi hatukuzungumza tena habari zake. Ningekuuliza wewe, lakini wewe huwa una majibu, na mimi nilikuwa naogopa jibu lako. Sasa nakushuku na wewe kidogo: siku saba zile huwezi kuwa umezisahau. Ulipokisoma kikaratasi, hukushtuka hata chembe?

Kama huniamini, kigeuze. Nyuma utaona namba ya kitabu kwa wino mwekundu. Nilikikata kwenye kadi kuukuu za maktaba, na ufunguo wa kabati lile ninao mimi peke yangu. Isome barua hii mbele ya bodi, isome yote, hata kama kazi itakayokwenda ni yangu.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Nawe kaka, ukipata nafasi njoo. Usilete jibu. Njoo tukae tu.

Mdogo wako,
Kidomo