Refa Mstaafu Alikuwa Sisi Wawili

Atieno wangu,

Mama yako ndiye ameniambia nikuandikie. Amesema, "Si wewe uko na kompyuta siku nzima? Mwambie mwenzako tuko hai." Nikacheka, halafu nikamwangalia nikaona hatanii. Basi naandika. Niko hapa saiba, kwenye duka la intaneti ninakofanya kazi, hapa hapa mtaani Mashimoni, na mlango wa mabati umefunguliwa nusu kama tulivyozoea tangu mwaka uanze. Mtu akiinama kuingia, kwanza naangalia viatu vyake, halafu mikono, ndio nimwangalie uso. Sikuwa hivyo. Unajua vile nilikuwa nalala mchana wa Jumapili mlango wazi, redio ikiongea peke yake.

Naogopa, Atis. Wacha nianze na hilo ndio mengine yatoke.

Wanasema mambo yametulia. Wakubwa wameshikana mikono, karatasi zimewekwa sahihi, na kwenye ukurasa wetu wa mpira watu wameanza tena kubishana juu ya kamera za mstari wa goli kana kwamba hakuna kilichotokea. Jana mmoja ameuliza, "Refa Mstaafu yuko wapi? Tumemiss uamuzi wake." Nimekaa nikitazama hayo maneno hadi mteja akaniuliza kama kompyuta imekwama.

Unakumbuka vile tulizaliwa refa? Niliandika siku ya kwanza kwa jina langu kwamba goli lile lilikuwa halali, na wanaume wote wakaniuliza nimepika nini. Wewe ulikuwa hapo mlangoni na karai lako la mafuta, unakaanga samaki, ukasema bila hata kugeuka, "Andika sisi ni mzee. Mzee amestaafu." Kutoka siku hiyo ukawa unapaza sauti kutoka nje na mimi nachapa ndani. Ile sheria mpya ya kuotea, ya mchezaji ambaye hajagusa mpira, wewe ndiye ulinieleza kwa kupanga samaki kwenye gazeti. Kadi ya njano ya kuvua jezi ulisema ni wivu tu wa watu wenye vitambi. Watu wazima walikuwa wanaandika, "Asante mzee, umetufunza."

Lakini kwa kamera hatukuelewana hata siku moja. Mimi nilitaka mashine iangalie mstari, mambo yaishe. Wewe ulisema, "Wakishaleta mashine, sisi tutamtukana nani?" Kwa hivyo Refa Mstaafu alipinga kamera ukiwa mlangoni, na ukienda Gikomba kuchukua samaki akawa anaitetea. Winga wa Gatina, yule wa Kawangware tuliyekuwa tukibishana naye kila wiki, ndiye aligundua. Aliandika, "Refa, ni kama uko na mabibi wawili, kwa maana kila ukihama nyumba unahama na msimamo." Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukakohoa, ukashika ukuta, ukaendelea kukohoa. Tukadhani ni kicheko.

Oktoba tulikupeleka kwenu. Nilisafiri na mama yako usiku kucha, na Oti, jirani yetu wa mlango wa mwisho, ndiye aliyesimamia mchango na kubeba jeneza upande wa kichwa. Alilia kuliko watu wa nyumbani. Nataka ukumbuke hilo unaposoma haya yanayokuja, kwa sababu mimi nalikumbuka kila siku na ndilo linalonichanganya.

Niliporudi, kampeni zilikuwa zimeingia hata kwenye ukurasa. Mwanzoni ilikuwa utani. Mtu anaandika, "Hizo kamera wazilete kwa masanduku ya kura kwanza. Refa unasemaje?" Nami nikajibu kwa jina letu kwamba refa hana chama, watu wakacheka. Winga akasema siku ya kura anavaa jezi. Tulipiga kura, foleni ndefu, jua kali, watu wanapeana nafasi. Halafu matokeo yakachelewa. Ukurasa ukajaa: mpira umevuka mstari, haujavuka, nani alikuwa amesimama pale kuona. Bado nilidhani tunazungumza kama mashabiki.

Jioni waliyotangaza, moshi ulipanda upande wa soko hata kabla jua halijazama. Mwenye saiba akavuta mlango tukiwa ndani, na tukasikia miguu ikipita mbio, watu wengi, hawasemi kitu. Hicho ndicho kilinitisha, Atis. Huku kwetu watu wakikimbia hupiga kelele.

Tulipofungua tena, niliingia kwenye ukurasa nikidhani angalau huko patakuwa na mpira. Watu tuliokuwa tukibishana nao juu ya penalti walikuwa wanaulizana majina ya baba zao. Upande huu unaahidi kuchoma, upande ule unaahidi kukata, na chini ya kila ahadi kuna picha ndogo ya timu. Na wote, wa pande zote, wanamwita Refa. "Refa, toa uamuzi, nani ameiba?" "Refa, wewe ni wa wapi? Tuambie kabila tujue filimbi unampigia nani." Mashimoni walikuwa wanaijua, tulishaitaja tukijisifu. Nilifunga ukurasa nikaenda kujaza maji mtungi uliokuwa tayari umejaa.

Halafu mtu wa kwetu Ukambani akapewa umakamu wa rais. Kabla ya hapo mimi nilikuwa Mwende wa saiba tu. Siku iliyofuata nikawa wa wale waliouza wenzao kwa serikali. Natoka dukani, vijana wako kando ya reli, mmoja akanisimamisha.

"We siste, kitambulisho."

Nikatoa. Akasoma jina taratibu, na wengine wakasogea. Mmoja alikuwa ameshika kipande cha chuma cha reli na anakigonga gonga kwenye kiatu chake. "Huyu ni wa kina makamu," akasema. Nilitazama unga niliobeba nikawaza, utamwagika.

Mama yako alikuwa anatoka kwenye kioski ya maji. Hakukimbia. Aliweka mtungi chini, akaja akasimama katikati yetu, mfupi vile unavyomjua, akawaambia, "Huyu ni wangu. Alienda na mimi kumzika mtoto wangu. Nyinyi mlikuwa wapi?" Kisha akawaambia kitu kwa Kijaluo ambacho mpaka leo amekataa kunitafsiria. Yule aliyeshika kitambulisho changu akakirudisha, akainamisha macho. "Mama, pita naye." Tulipofika ndani mama yako akanigombeza kama mtoto kwa kwenda dukani peke yangu. Tangu hapo nalala kwa kitanda chako. Nisamehe, nimekigeuza kikatazama mlango.

Sasa Oti.

Mwisho wa Januari ndugu yake mkubwa alifika kutoka Limuru, yeye na watoto na godoro moja. Walifukuzwa kwenye nyumba waliyokaa miaka na miaka, na vitu vyao vikachomwa wakiangalia. Oti akaacha kusalimia watu. Alikuwa anakuja saiba, anakaa kwa ile mashine ya dirishani, anachapa kwa vidole viwili, analipa, anatoka. Siku moja alitoka haraka, nikaenda kupangusa mashine, nikakuta amesahau kufunga. Ukurasa wetu ulikuwa wazi. Pale juu, mahali pa jina, palisema Namba Tisa.

Namba Tisa, Atis. Yule tuliyempenda kwa utani wake. Miaka yote hiyo alikuwa anabishana na sisi akiwa umbali wa milango michache, na samaki wako anakula kila jioni, na hatukujua, naye hakujua.

Na alichokuwa ameandika asubuhi hiyo ni hiki: "Winga wa Gatina anakaa nyuma ya kinyozi, geti la bluu, chumba cha ndani kabisa. Wenye kazi wajue."

Nilizijua hizo alama za njia. Winga mwenyewe ndiye alizitoa, wakati ule wa fainali, alipokaribisha watu wote waende kwake kutazama. Wewe ulitaka twende ukaone uso wake tukimwambia refa ni sisi.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Saiba ilikuwa na wateja wawili. Nikifuta, Oti atajua ni mimi, hakuna mwingine anayegusa mashine hizi. Nisipofuta… Niliketi kwenye kiti chake kilichokuwa bado na joto. Ukurasa haukubali ufute ujumbe ambao watu wameujibu, lakini unakubali uubadilishe. Nikatoa neno moja moja mpaka ikabaki nukta. Kisha nikaenda kwa mashine yangu, nikaingia kama Refa Mstaafu, nikamwandikia Winga kwa faragha: "Kijana, kwako kumetajwa. Toka leo. Usimuulize nani."

Unajua vile ukurasa ulivyo, ujumbe ukiwa haujasomwa unakaa kwenye kisanduku cha kusubiri. Nikawa nafungua kisanduku hicho nikifika kazini, nikimaliza chai, kila mteja akitoka. Uko pale pale. Haujasomwa.

Oti alirudi kesho yake. Aliinama chini ya mlango, akasimama, hakukaa.

"Mwende, nani alikaa kwa ile mashine baada yangu?"

"Ni mimi."

Nje mtu alikuwa anauza mboga ya sukuma, anapiga bei kama kawaida.

"Unajua vile walifanyia brathe wangu?"

"Najua, Oti. Niliona watoto."

"Basi kwa nini unawaficha?"

"Huyu wa Gatina alimfanyia nini brathe wako?"

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeshika meza. Akasema tu, "Ni wao, kabila ni moja," lakini aliisema chini, kama mtu anayejisomea. Akageuka akatoka, na mabati yakagonga mgongo wake.

Sikumwambia mama yako. Hata sasa hajui, yeye humtumia Oti chakula na kumwita mwanangu. Nami nikikutana naye kwenye kioski ya maji ananiambia "Niaje Mwende," najibu "Poa," na nikiondoka na mtungi mgongoni nahisi macho yake mpaka kwenye kona. Labda hanitazami. Hiyo ndiyo shida, siwezi kugeuka kuhakikisha.

Februari yote ilipita hivyo. Halafu baada ya wakubwa kushikana mikono, siku ya kawaida kabisa, nafungua kisanduku cha kusubiri nakuta kitupu. Ujumbe umesomwa. Nilikaa nikiogopa zaidi, kwa sababu sikujua ni yeye aliyeusoma au ni mtu amechukua kompyuta yake.

Jibu lilikuja jioni. Ni yeye. Aliandika kwa maneno machache, si kama Winga tuliyemjua. Alisema walikuja mchana, vijana asiowajua, siku ile ile niliyofuta. Yeye, bibi yake na mtoto walikuwa ndani, jirani akiwa amewafungia kwa nje kwa kufuli ionekane hakuna mtu. Walisikia kila kitu kupitia mabati. Vijana waliuliza, "Winga anakaa wapi?" Na wapangaji wa ploti wakasema hawamjui Winga. Hawakuwa wanadanganya, Atis. Pale kwake hakuna aliyewahi kumwita Winga. Hilo jina lilikuwa la huku kwetu tu, la mpira. Vijana wakafika mpaka chumba cha ndani, wakaona kufuli, wakavunja dirisha la kinyozi, wakaenda. Kabla giza halijaingia akahamia kwa mjomba wake, na huko hakuna intaneti.

Kwa hivyo nukta yangu ilichelewa. Kuna mtu aliyasoma yale maneno ya Oti kabla sijayafuta. Nalifikiria hilo nikiosha vyombo. Nalifikiria nikisikia watu wawili wananong'ona kwenye mashine moja.

Wiki jana Oti aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya maji. Hakunitazama, alitazama maji yanavyoingia. "Yule msee wa Gatina. Ulishawahi sikia kitu?" Nilisema sijui. Sikuweza kujua anauliza ili alale vizuri au anauliza ili ajue alipo. Zamani ningemwangalia mtu usoni nikajua. Hilo nalo limechukuliwa.

Na Winga anataka kukutana na Refa. Ameandika, "Mzee, nataka nikushike mkono. Chagua mahali." Tumekubaliana mjini, mchana, hotelini penye watu wengi. Amesema atashika gazeti upande wa michezo. Hakuandika jina lake. Mimi pia sikuandika langu. Tumejifunza jina ni kitu cha kuficha, na wote wawili tunalijua hilo bila kuambiana. Anatarajia mzee. Sijui atasema nini akiona mwanamke mmoja Mkamba na mama Mjaluo mwenye kilemba, maana mama yako amekataa nisiende peke yangu. Sijui kama yeye mwenyewe atakuja peke yake. Nimewaza pia kwamba huenda si yeye.

Ndugu yangu amepiga simu kutoka Machakos mara nyingi, anataka nirudi nyumbani. Nimemwambia bado. Nani atamchotea mama yako maji?

Inabidi niache hapa, kuna mteja mlangoni. Nimeona viatu, ni mwanafunzi.

Kaa salama huko kando ya ziwa, rafiki yangu. Mama yako yuko kwangu na mimi niko kwake, hilo usilihofie. Jumamosi nitaenda. Nitamwambia Winga kwamba Refa alikuwa sisi wawili, na kwamba mmoja alishaondoka kabla haya yote. Na nikifika kwenye ile meza, nakuahidi, jina langu nitalisema mimi kwanza.

Mwende wako