Nyuzi za Baba Hazionekani

Jumamosi. Upepo wa Sumbawanga leo unapenya hadi kwenye mifupa.

Baba amenitoroka.

Wiki iliyopita alifanyiwa upasuaji wa ngiri, nami nikamleta kwangu hapa Chanji apumzike, maana kwake Izia mahindi yanamwita kila akifungua dirisha. Daktari alitueleza vizuri: siku hizi hawashoni kwa juu. Nyuzi ziko ndani, zinayeyuka zenyewe taratibu, na ngozi imefungwa kwa gundi. Hakuna kurudi kutolewa nyuzi. Nilifurahi kama mjinga.

Sikumfikiria baba. Mwaka ule alipojikata na shoka mguuni, alishonwa nyuzi nyeusi za kuonekana. Alishinda kitini akizitazama, na jembe hakuligusa mpaka zilipotolewa. Kwake yeye, mgonjwa ni mtu mwenye nyuzi.

Leo nimerudi kutoka sokoni nikakuta blanketi limekunjwa. Nikapanda bodaboda mpaka Izia, huku namwomba Mungu, huku namgombeza baba kimoyomoyo.

Nikamkuta ameinamia gunia la mahindi, analipandisha kwenye mkokoteni. Hata shikamoo sikumpa. Nilipiga kelele.

"Mwanangu, si mlisema zinayeyuka?" akasema. "Zimeshayeyuka. Tazama, hakuna kitu. Nimepona."

Akainua shati anionyeshe. Pembeni mwa kidonda gundi ilikuwa imebanduka, na damu inachuruzika.

Hospitali wamesema ni ngozi tu iliyoachia. Ndani nyuzi zimeshika, ila hapajapona. Akinyanyua kitu kizito tena, atapasuliwa upya, na kwa umri wake daktari hakutaka kusema zaidi. Wakamsafisha, wakamfunga bandeji nene.

Njiani akaniuliza kwa upole, kama si yeye: "Kwa hiyo sasa wamenishona? Nyuzi zinatolewa lini?"

"Bado, baba. Nitakwambia."

Jioni hii amekaa kitini, mkono juu ya bandeji, mtiifu kabisa. Hata kikombe cha chai anaomba aletewe. Nimemwongopea baba yangu mzazi na sijutii hata kidogo.

Ninachoogopa ni siku ya kubadilisha bandeji. Atainama kuzitafuta nyuzi zake, na magunia bado yako shambani.

Nitamwonyesha nini?