Kibao Kimesimama Juu ya Jiwe Lako

Mama yangu Minza,

Shikamoo mama. Pole na kulala peke yako huko. Mvua hizi naamka nawaza kama maji yanakufikia. Sisi hatujambo. Mume wangu Masanja mzima, ni mgongo tu. Kulwa yuko Igoma na cherehani yake. Pacha wake Doto yupo hapa nyumbani, anakula vizuri. Mkewe Kabula kajifungua wa kike, tumemwita Minza, analia kama wewe ulivyokuwa ukiita watu ng'ambo ya mto. Hata ng'ombe wako mwekundu mzima.

Mama, nina hasira.

Lile jiwe lako la kusagia, pale kwenye ua wa minyaa karibu na kivuko, wamelipasua. Kokoto, mama! Mwenyekiti wa kijiji alitaka kibao pale darajani, mafundi wakakosa kokoto za zege la kukisimamishia, akawaambia chukueni lile, halina mwenyewe. Halina mwenyewe! Na kibao chenyewe kina jina la babu yake, eti ndiye alianzisha kijiji. Doto ndiye alinisomea, kama anavyoniandikia barua hii. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Nikaenda. Nikasema mbele ya watu, hapa panaitwa Kwa Minza tangu daraja halijakuwepo. Mto ukijaa, waliosubiri kuvuka walikaa kwako, wakasaga, wakapika, wengine ndiyo wakajenga kabisa. Mwenyekiti akacheka. "Mama Kulwa, tulia, hilo ni jiwe tu. Mwanamke anaanzishaje kijiji?" Nikamuuliza, "Na babu yako siku aliyofika hapa amelowa chapachapa, unga wa ugali aliokula ulisagwa wapi? Kwenye kibao?" Wanawake wakaangua kicheko, yeye akajifanya anaangalia simu.

Lakini kibao bado kimesimama. Kimesimama juu yako.

Lile jiwe dogo la juu, la kushika mkononi, ninalo. Unakumbuka ulivyoweka mikono yako juu ya yangu, "sukuma, usikandamize"? Hilo hawalipati. Liko chini ya kitanda, Masanja kila akiamka analipiga teke, analalamika. Alalamike tu.

Nakuahidi, mdomoni mwangu jina lako halitapotea. Bodaboda akiniuliza naenda wapi, nasema Kwa Minza. Asipopajua, sipandi.

Sasa niambie, mama. Nitafute jiwe jingine la chini, huyu Minza mdogo aje asagie hapo hapo kwenye minyaa, au hili nikuletee kaburini ulale nalo? Mafundi wanarudi kupaka kibao rangi, wasinikute sijui la kufanya. Lala salama, mama. Njoo ndotoni unijibu, usikawie.

Mwanao, Mama Kulwa