Ufunguo wa Gari Uliouacha kwa Brigita

Ganako,
Karatu.
17 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Modest,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe, mkeo Aneth na watoto. Je, kifua cha Aneth kimepona? Huko Kanada nasikia ni majira ya joto. Sisi tumo katika baridi ile unayoijua. Ukungu unashuka kutoka msituni na hauondoki mpaka saa nne, nami navaa sweta mbili na bado nasogea jikoni. Magoti yananiuma asubuhi, ila kanisani nafika kwa miguu yangu. Mahindi tumekwisha kuvuna. Mbaazi bado ziko shambani.

Barua hii nampa Raymond, mtoto wa Mwalimu Edson, anayekuja huko masomoni. Sikutaka kuyasema haya kwa simu. Simu zako hupigwa kwa Brigita, na mimi huitwa mwishoni ili nisalimu, wakati watoto wako wamekwisha kuchoka na mtandao unakatika. Habari ya kwamba mmehamia nyumba nyingine niliipata kwa mdogo wangu huyo, tena nje ya kanisa, mbele ya watu. Nikajifanya nilikuwa naijua.

Sasa nizungumze juu ya gari. Ulipolileta lile gari la kulala kutoka Afrika Kusini, wewe na Aneth mkilala humo njia nzima, nilifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Siku mliyoondoka ukaliacha kwa Brigita na ufunguo ukampa yeye. Ulisema ni kwa sababu geti lake ni pana. Hilo nililisikia. Lakini sababu hiyo haipo tena, kwa kuwa nimekwisha kubomoa nguzo moja ya geti langu na kuijenga upya mbele zaidi. Wilibrodi, jirani yetu aliyekuwa dereva wa watalii, amepima kwa hatua zake na kusema gari litapita bila kugusa.

Huenda hujui jinsi mdogo wangu anavyoishi na gari hilo. Alhamisi za jumuiya, akina mama husali kwake, na sala ikiisha huingia garini kwa zamu kutazama kitanda kinachokunjwa, jiko dogo, na choo kile kinachomwaga maji kwa kukanyaga. Brigita hukaa kwenye kiti cha mbele kilichogeuzwa nyuma, kikombe cha chai mkononi, akieleza. “Modest wangu alinionyesha hivi. Modest wangu alisema pazia hili lisifunguliwe jua likiwa kali.” Modest wangu! Mimi hubaki nje, nasema goti haliniruhusu kupanda ngazi. Ngazi yenyewe ni mbili tu.

Ulipokuwa unasoma sekondari ulikaa kwangu, si kwake. Marehemu kaka yetu Kornelio, baba yako, alikuleta kwangu kwa mkono wake mwenyewe. Sisemi hivyo ili unilipe fadhila. Nasema ili ukumbuke.

Mwezi Mei Brigita alimwoza binti yake Sifa. Wageni kutoka Mbulu na Singida walikuwa wengi, na baadhi yao wakalazwa kwenye gari lako. Watu wazima na watoto walikitumia choo hicho usiku na mchana. Nilimwambia mapema, “Mdogo wangu, choo kile hakina shimo. Chini yake kuna tangi, na tangi hujaa.” Akanijibu mbele ya wakweze, “Dada, harusi si darasa.” Watu wakacheka. Nikaendelea kuchambua mchele.

Baada ya harusi gari likaanza kunuka. Unajua sisi hapa harufu ya choo tunaiondoa kwa nini: majivu. Brigita akachota majivu ya jikoni, debe zima, akayamimina kupitia tundu la choo mpaka yakaisha, kama anavyofanya kwenye choo chake cha shimo. Akaona bado kuna harufu, akaongeza. Zaidi ya hayo, koki ya chini alikuwa ameiacha wazi juu ya kishimo alichochimba, akidhani ni vizuri maji yajitokee yenyewe. Basi maji yakatoka, uchafu mzito ukabaki, ukachanganyika na majivu na kukauka kama udongo wa kukandika ukuta. Wiki chache baadaye alipoamua kuliosha, alimimina maji juu, na chini hakikutoka kitu. Maji yakasimama kwenye bakuli la choo.

Alikuja kwangu asubuhi na mapema, khanga imefungwa ovyo. Hakuniamkia vizuri hata.

“Dada, gari la mtoto limeziba.”

“La mtoto gani?”

“Dada, tafadhali.”

“Nauliza. Siku zote nasikia ni la Modest wako.”

Akakaa kwenye kizingiti akaanza kulia. Sitakuficha, Modest, nilisikia raha. Nilimkorogea uji, nikampa, na wakati anakunywa niliisikia raha hiyo bado.

Sasa nikueleze jambo ambalo yeye hakulijua. Tangu mwaka jana, mara tu ulipoondoka, nilikwenda kwenye kambi ya wageni pale mjini, wanapolala Wazungu wenye magari kama lako. Nilimwomba mlinzi, naye akaniitia mama mmoja mgeni mwenye mvi kama zangu, aliyekuwa akiosha tangi la gari lake. Alinionyesha kila kitu, Kiswahili chake kibovu na Kiingereza changu cha ualimu vikasaidiana. Nilirudi tena mara kadhaa kuangalia wengine. Nilijifunza kwa sababu niliamini ipo siku utaona kwamba gari linafaa kukaa kwangu, nami sikutaka siku hiyo inikute mjinga.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Tulivaa glavu, tukafunga koki ya chini. Tukachemsha maji, tukayaacha yapoe kidogo yasiharibu mipira, tukayachanganya na sabuni ya maji na kuyamimina taratibu huku tukitoboa kwa kijiti, mpaka tangi likakaribia kujaa. Tukaliacha lilowe. Kisha nikamwita Wilibrodi aliendeshe gari kwenye barabara ile mbovu inayopanda mashambani na kurudi, ili mashimo ya barabara yatikise maji ndani na kuyavunja majivu. Kwa mara ya kwanza nimeona faida ya barabara yetu.

Tulikaa nyuma, mimi na Brigita, tumeshikilia meza yako. Kila shimo lilipotupiga, chini ya miguu yetu kilisikika kitu kikigonga na kumwagika.

“Dada, unafurahi,” akasema.

“Sifurahi.”

“Unafurahi. Uso wako umekunjuka tangu juzi.”

“Uso wangu ni wa baba yetu. Shika meza.”

Wilibrodi akasema kutoka mbele, “Mama zangu, nimebeba watalii wa kila taifa mpaka kreta na kurudi. Hakuna waliowahi kugombana juu ya choo.”

“Endesha!” tukamwambia sote kwa pamoja.

Tulikwenda mpaka kambini, maana uchafu wa choo haumwagwi mtaroni wala shambani. Pale wana shimo la maji taka lililojengwa kwa saruji, nao wakaturuhusu. Tukaunga mpira mnene, nikavuta koki mimi mwenyewe. Mwanzo yalitoka maji tu. Halafu yakakatika. Brigita akaanza kusali Salamu Maria. Wilibrodi akapiga ubavu wa tangi kwa ngumi, na ghafla ukashuka uji mzito wa kijivu, mpira ukarukaruka kama nyoka. Tukasuuza mara nyingi, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikapaka mafuta mpira wa koki, nikafunga, nikaacha maji kidogo na ile dawa ya choo ya buluu uliyoiacha garini ndani ili uchafu usikauke tena. Sasa gari halinuki. Sinki na tangi la maji ya kuoshea vyombo nayo niliyapitia.

Pale pale kambini, mikono ingali mibichi, Brigita alifungua fundo la khanga yake, akautoa ufunguo na kuninyooshea.

“Chukua, Dada. Nimechoka kuangaliwa.”

“Nani anakuangalia?”

“Wewe. Kila nikifungua mlango wa gari hili, nakuona kwenye uzio wako. Chukua, basi, nilale usingizi.”

Modest mwanangu, nilikuwa nimeutamani ufunguo ule kwa muda mrefu, na geti nilikuwa nimelibomoa kwa ajili yake. Sikuupokea. Nilimwambia aufunge tena. Alidhani namringia, akaenda nyumbani bila kunisemesha, na mpaka leo anasalimu kwa kichwa tu. Lakini mimi ningeupokeaje? Ungekuwa ufunguo niliopewa na mdogo wangu kwa kuchoka kwake. Mimi nataka ule utakaonipa wewe, kwa kuwa umenifikiria.

Kwa hiyo nakuomba jibu moja, na liwe kwa barua, kwa mkono wako, na sentensi zako zianze kwa herufi kubwa. Gari likae kwa nani? Ukiandika jina langu, Blandina, nitakwenda kwa Brigita na barua mkononi na kuuchukua, na Alhamisi akina mama watasali kwangu. Ukiandika Brigita, nitakubali. Nitamfundisha mambo ya tangi yote, kwa kuwa nimeyaona, na majivu hayatamiminwa tena. Sitasema kwamba sitaumia. Ila usiniandikie kwamba sote ni sawa. Hilo silitaki.

Wasalimie Aneth na watoto, uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Wilibrodi anakusalimu, anasema breki ya nyuma iangaliwe. Sifa na mumewe wanakusalimu. Brigita naye anakusalimu. Hajaniagiza, lakini najua angeniagiza kama tungekuwa tunazungumza.

Mungu awalinde huko ugenini, awape kazi njema na usingizi mwema, na awarudishe kwetu salama.

Ni mimi shangazi yako mkubwa, akupendaye na asiyependa kukugawa,

Blandina