Lampe Iko mu Kopo ya Sukari

Jeannine,

Sombe iko mu sufuria, ongeza tu chumvi. Jaza bidon maji mbele robinet ikauke. Mama akipiga simu mangaribi kutoka Mahagi-Port, umwambie nimeenda Irumu kutengeneza radio ya parokia, nitarudia kesho. Ya asubui usimwambie.

Lampe ya zamani ya ampli yako ya guitare, ile ya kioo yenye inapatia sauti nguvu, iko mu kopo ya sukari, nimeifunga mu kitambaa. Umwite Dany wa chorale airudishe mu ampli. Weye usitie mukono mule: hata ukichomoa prise, courant ya umeme inabakia ndani, na inaua.

Asubui ulipiga guitare mara moja tu, ukasema, “Papa, umeua ampli yangu,” ukaenda masomo bila kunywa chai. Haikukufa. Ile lampe ilikuwa na nguvu sana: wakati hauko, kila nikipuliza armonika mu micro, ampli inalia kama nguruwe ya Noeli yenye wanachinja. Njo nikatia lampe ya pole. Guitare yako nayo ikakuwa ya pole, na mimi sikukuuliza.

~~Sitaigusa tena.~~

Jeannine, ile ampli iko na matundu mbili ya kutia waya, moja ya guitare yako. Tangu mama aende ku biashara ya samaki, unapiga mu chumba, mulango umefungwa, na mimi ninapuliza ku jiko, polepole, nisikusumbue. Nilifikiri tundu ya pili ni ya mutu mwingine.

Kama umemwita Dany, basi, haina neno.

Kama haujamwita, na lampe ya pole iko mule bado, kesho acha mulango wazi.

Papa yako